Fedha za Umma na Mfuko Wako: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Nguvumali

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaoishi Nguvumali na kata jirani za Jiji la Tanga: wa viwandani, wa bandarini, walimu, wauguzi, madereva, walinzi, mama lishe, mafundi na vibarua wanaolipwa kwa siku. Unaeleza kodi zinazowagusa, fedha hizo zinakokwenda, na namna mwananchi anavyoweza kutoa kauli yake kabla uamuzi haujafungwa.

Msingi wake ni mmoja. Kila shilingi ya umma ina meza yake inapoamuliwa, na ina mwezi wake. Anayelalamikia bei ya petroli kwa mwenyekiti wa mtaa, au anayedai mtaro wa mtaani kwake katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ana hoja ya haki aliyoipeleka pasipohusika. Na anayeanza kudai zahanati mwezi wa Juni anakuta makisio ya halmashauri yamekwishapitishwa miezi kadhaa nyuma. Wengi wetu tunakwama hapo hapo, ilhali hoja zetu ni nzito.

Karatasi ya mshahara

Chukua karatasi yako ya mshahara wa mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake. Kama hukupewa, anza kwa kuidai.

Mstari wa kwanza wa kuangalia ni mchango wa hifadhi ya jamii. Kwa sekta binafsi, NSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara wako, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake, yaani asilimia 10. Kwa mtumishi wa umma aliye PSSSF, mwajiri huchangia asilimia 15 na mtumishi asilimia 5. Mchango huu hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mwajiri anayekata kodi kwenye mshahara mzima kabla ya kuondoa mchango anakutoza kisichostahili.

Kisha kodi ya mshahara, ile tuliyoizoea kwa jina la PAYE. Viwango vinavyotumika Tanzania Bara tangu Julai 2021 ni hivi. Kipato cha mwezi hadi shilingi 270,000 hakitozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi milioni moja asilimia 30.

Zingatia neno “kinachozidi”. Imeenea dhana kwamba mshahara ukivuka 520,000 basi wote unatozwa asilimia 20, na wapo wanaokataa nyongeza au saa za ziada kwa hofu hiyo. Hesabu haiendi hivyo. Mfanyakazi wa kiwandani anayelipwa 600,000 anatoa kwanza 60,000 za NSSF, zinabaki 540,000. Kodi yake ni 20,000 kwa daraja la asilimia 8, kisha asilimia 20 ya zile 20,000 zilizozidi, yaani 4,000. Jumla 24,000, na mkononi anaondoka na 516,000. Akiongezwa hadi 650,000, mchango unakuwa 65,000, kodi 33,000, na mkononi 552,000. Katika nyongeza ya 50,000 amepata 36,000 taslimu, 5,000 zimekwenda kwenye akiba yake ya uzeeni na 9,000 Hazina. Hakuna nyongeza ya mshahara inayomrudisha mtu nyuma kwa sababu ya PAYE. Na anayelipwa 300,000 kamili, akishatoa 30,000 za NSSF, yuko sawasawa na mpaka wa 270,000: hadaiwi hata senti. Ukiona amekatwa, uliza.

Kwenye karatasi hiyo hiyo aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ataona makato ya asilimia 15. Hiyo si kodi, ni deni, na lina mwisho. Omba taarifa ya salio kila mwaka.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwenye karatasi. Mwajiri anaweza kuandika kwamba amekukata NSSF na fedha zisifike kwenye mfuko. Karatasi inaonyesha kilichotoka kwako. Taarifa ya michango kutoka NSSF ndiyo inayoonyesha kilichofika. Zilinganishe angalau mara mbili kwa mwaka, na kibarua wa muda mrefu afanye hivyo mara nyingi zaidi. Mtu anayegundua upungufu akiwa na miaka hamsini na tano, mwajiri naye ameshafunga kiwanda, hupata tabu isiyoelezeka. Tanga inawajua watu wa aina hiyo tangu viwanda vyetu vilipoanza kuanguka.

Kuhusu viwango vyenyewe, mfanyakazi asidhani vimeshuka kutoka mbinguni. Mei Mosi ya 2016 mjini Dodoma ndipo Rais Magufuli alipotangaza daraja la chini kushushwa kutoka asilimia 11 hadi 9. Mei Mosi ya 2021 mjini Mwanza, Rais Samia akatangaza 8. Nyuma ya matangazo hayo yalikuwapo madai ya mwaka baada ya mwaka ya TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kodi ya mshahara ni miongoni mwa kodi chache ambazo wafanyakazi wamezijadili kwa pamoja na kupata majibu, na kwa hiyo ada ya chama cha wafanyakazi unayokatwa ina kazi. Hudhuria vikao, uliza tawi lenu limepeleka pendekezo gani la kodi mwaka huu.

Kodi zilizojificha ndani ya bei

Kipato kikiwa kidogo kiasi cha kutoguswa na PAYE, haimaanishi hulipi kodi. Unalipa kila siku, dukani, kwenye kituo cha mafuta na kwenye umeme. Naamini hapa ndipo wafanyakazi wa kipato cha chini wanapotoa sehemu kubwa kuliko wanavyodhani, kwa sababu asiyebakiwa na akiba hutumia karibu kila anachopata, na kila anachonunua kinaweza kuwa kimebeba kodi ndani yake.

Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Mazao ya kilimo yasiyosindikwa yamesamehewa, lakini sabuni, nguo, vifaa vya ujenzi na bidhaa nyingi za viwandani hazimo katika msamaha huo. Ukitaka kujua kodi iliyomo katika bei iliyokwisha kujumlishwa, zidisha bei kwa 18 kisha gawa kwa 118. Bidhaa ya 59,000 ina kodi ya 9,000. Sasa angalia jambo hili: mfanyabiashara hulazimika kujisajili kwa kodi hii pale mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2023. Duka dogo la mtaani ambalo halijasajiliwa halina mamlaka ya kukuongezea asilimia 18. Aliyesajiliwa ana namba maalumu, na namba hiyo huchapwa kwenye risiti ya mashine ya kielektroniki. Dai risiti, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ni kile ulichotoa. Risiti yenye nusu ya bei ni kodi uliyolipa wewe ikabaki kwa muuzaji.

Mafuta yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu Nguvumali ina bodaboda na bajaji nyingi, na nauli ya kila mfanyakazi imo humo. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga ina bei yake, tofauti na ya Dar es Salaam na Mtwara, kwa kuwa shehena hushushwa katika bandari yetu. Bei ya soko la dunia haiko mikononi mwa Dodoma. Ushuru na tozo ndani ya lita vimo mikononi mwake. Mwaka wa fedha 2021/22 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zinazosimamiwa na TARURA. Mwaka 2023/24 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Bodaboda anayetumia lita tatu kwa siku, siku 26 za mwezi, anatumia lita 78. Nyongeza hizo mbili peke yake ni shilingi 15,600 kwa mwezi. Zile 100 za TARURA zilikuwa na ahadi iliyo wazi, na mkazi wa mtaa ambao barabara yake haipitiki wakati wa masika ana haki ya kwenda ofisi ya TARURA kuuliza barabara ile imo katika mpango wa mwaka gani.

Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Nyumba ya kawaida ilianza kwa 1,000 kwa mwezi na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba, ingawa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji atunze ujumbe wa manunuzi ya umeme, kisha wakati wa kulipa kodi ya pango azungumze na mwenye nyumba warejeshane au wapunguziane. Jambo hili ni jepesi likiandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Nyumba moja yenye mita kadhaa zinazokatwa zote, au mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi katika nyumba yake isiyo ya biashara, wafike TRA kuuliza kuhusu marekebisho na msamaha.

Kisha iko tozo ya miamala ya simu, ambayo inafaa kukumbukwa kwa sababu ya somo lake. Ilianza 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Mama aliyekuwa akituma elfu ishirini kwa wazazi Lushoto au Pangani aliiona siku ile ile. Manung’uniko yalikuwa makubwa nchi nzima. Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000, na Oktoba tozo ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu ikafutwa. Serikali ilieleza kwamba fedha zile zilijenga vituo vya afya na madarasa, na vilijengwa kweli. Lakini tozo ile iligusa fedha ambayo mara nyingi ilikuwa imekwishatozwa PAYE, na ilimgusa zaidi yule ambaye simu ndiyo benki yake. Kodi nzuri huangalia nani anayebeba mzigo, na sababu ya kuitoza haitoshi peke yake kuihalalisha. Huo ndio msimamo wa mwongozo huu.

Kwa anayejiajiri

Wengi wa Nguvumali wana mshahara upande mmoja na genge, cherehani au pikipiki upande wa pili. Biashara ambayo mauzo yake hayafiki milioni 4 kwa mwaka haidaiwi kodi ya mapato. Kwa kundi hilo ndipo vilipotolewa vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 kuanzia mwishoni mwa 2018. Mauzo yakiwa kati ya milioni 4 na 7, sheria inawatofautisha wenye kumbukumbu na wasio nazo. Asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye daftari hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mama lishe mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari lililoandikwa kila jioni atalipa 30,000. Jirani yake mwenye mauzo yale yale asiyeandika chochote atalipa 100,000. Daftari la elfu mbili limemwokolea elfu sabini.

Ukikadiriwa kodi usiyokubaliana nayo, andika pingamizi kwa TRA ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio. Sheria hudai ulipe kwanza kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Ukishindwa hapo, ngazi inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Kugombana na ofisa dirishani hakusimamishi siku 30 hizo.

Fedha ikishakusanywa

Kodi zinazokusanywa na TRA huingia Mfuko Mkuu wa Hazina, unaotajwa katika ibara ya 135 ya Katiba, na fedha haitoki humo bila idhini ya Bunge. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Kati ya hizo, trilioni 14.22 zilipangwa kulipa deni la Serikali na trilioni 9.17 mishahara. Mafungu hayo mawili ni kama shilingi 41 katika kila 100. Mwananchi anayeuliza kwa nini kodi zote hizi hazijafika kwenye mtaro wa mtaa wake aanze na hesabu hiyo.

Deni lenyewe si dhambi. Inategemea limenunua nini na nani atalilipa. Mwaka 2021 nchi ilikopa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini, kwa haraka ambayo hatukuwa tumeizoea. Ila darasa linahitaji mwalimu, dawati, chaki na ukarabati kila mwaka, na hayo hulipwa kutoka fungu jingine, la matumizi ya kawaida. Fedha za maendeleo hujenga, fedha za kawaida huendesha. Zahanati iliyokamilika bila muuguzi imejengwa kwa fungu la kwanza na kusahauliwa katika la pili. Mradi ukiletwa kwenye mkutano wa mtaa, ulizeni maswali yote mawili kwa wakati mmoja: nani anajenga, na mwaka utakaofuata nani anaendesha, kwa kiasi gani.

Bandari ya Tanga ni mfano wa karibu wa matumizi makubwa. Kabla ya maboresho, meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikahamishiwa kwenye matishari, kisha ikapakuliwa mara ya pili ufukweni. Kazi moja ililipiwa mara mbili, na wenye mizigo wakaenda Mombasa au Dar es Salaam. Serikali kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ilitumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba kina hadi mita 13 na kujenga gati ambalo meli hufunga moja kwa moja. Hii ndiyo maana halisi ya matumizi ya umma yenye tija: yanashusha gharama ya kila kazi inayofuata. Kwa mfanyakazi wa Nguvumali maswali yaliyobaki ni ya mgawanyo. Vibarua wanaajiriwa kwa mikataba ya namna gani? Michango yao ya NSSF inapelekwa? Malori yanayoongezeka barabarani yanaichangia halmashauri kiasi gani yakilinganishwa na yanavyoharibu? Maswali hayo yapelekwe kwa chama cha wafanyakazi wa bandari na kwa diwani.

Kuna njia nyingine ya kugharimia huduma, na Tanga imetangulia katika hiyo. Februari 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walijitokeza kwa asilimia 103 ya kiasi kilichotakiwa, na baadaye ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha zilikusudiwa kupanua uzalishaji na usambazaji wa maji kwa Jiji la Tanga na miji ya Muheza na Pangani. Kwa nini jambo hili lijadiliwe katika mwongozo wa kodi? Kwa sababu limechukua nafasi ya kodi. Badala ya kusubiri Hazina kwa miaka, mamlaka ilikopa sokoni, na deni litalipwa na mapato ya mamlaka yenyewe, yaani ankara za maji.

Fanya hesabu. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni kama bilioni 7.17 za riba kwa mwaka mmoja kabla mkopo haujaanza kupungua. Ikiwa maji yataongezeka, wateja wapya wakaunganishwa na upotevu ukapungua, mzigo huo hubebwa bila kumuumiza yeyote. Hayo yasipotokea, macho yatageukia bei ya uniti. Binafsi nauona uamuzi ule kuwa wa kishujaa na wa manufaa, na kwa sababu hiyo hiyo unahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Bei ya maji haipandishwi kimyakimya: EWURA huita taftishi ya wazi, watumiaji wakasikilizwa. Tangazo la taftishi likitoka, wafanyakazi wa mtaa mmoja wakubaliane watu wawili wa kwenda, wakiwa na ankara za miezi kadhaa mkononi na orodha ya siku ambazo maji hayakutoka. Mkusanyiko wa ankara una nguvu kuliko hotuba.

Na mwenye akiba ajue kwamba hatifungani hizi, za Serikali kuu na za mamlaka, zinauzwa hata kwa mtu binafsi kupitia benki na madalali wa soko la hisa. Mwanachama wa mfuko wa pensheni ni mkopeshaji wa Serikali hata bila kwenda benki, kwani mifuko huwekeza sehemu ya michango katika dhamana hizo.

Fungu moja la halmashauri linawahusu moja kwa moja vijana na wanawake wa kata hii. Kwa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa baada ya kasoro nyingi kubainika, vikiwemo vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na ukaanza upya mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mkopo usiorejeshwa hapa humnyima kijana wa mtaa wa pili, kwa kuwa mfuko ni wa mzunguko. Anayeomba aanze kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na kikundi kiwe cha watu wanaofanya kazi pamoja kweli.

Meza na miezi yake

Pwani hii iliwahi kuona kodi inayotozwa bila ridhaa inavyoishia. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioiachia kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa forodha za pwani. Agosti mwaka huo maofisa wake walipofika Pangani na bendera yao na amri zao, mji ulikataa, na vita vya Abushiri bin Salim vikaenea pwani nzima hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Leo ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi itatozwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge tu. Ridhaa hiyo ina utaratibu, na utaratibu una kalenda.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Miezi ya mwisho ya mwaka wa kawaida, Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kupanga. Mitaa huibua vipaumbele kwa mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vinapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Mtaro, taa, choo cha shule, kituo cha polisi: haya husemwa hapa, kwenye mkutano mkuu wa mtaa, yakaandikwa kwenye muhtasari. Hoja isiyo kwenye muhtasari haipo. Wakati huo huo Wizara ya Fedha hukaribisha mapendekezo ya maboresho ya kodi kutoka kwa wadau. Vyama vya wafanyakazi na vya wafanyabiashara wadogo vipeleke yao kwa maandishi, yakiwa na hesabu.

Januari hadi Machi makisio hupita kamati za halmashauri na Baraza la Madiwani. Mikutano ya Baraza ni ya wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Viti vya wasikilizaji vikijaa watu wa Nguvumali, diwani wa Nguvumali husimama imara zaidi kutetea kilichotoka kwake.

Aprili hadi Juni ni zamu ya Bunge. Bajeti kuu husomwa mwezi Juni, na Muswada wa Sheria ya Fedha, ule unaobadili viwango vya kodi, huenda Kamati ya Bunge ya Bajeti, ambayo hupokea maoni ya wadau kabla ya kupitishwa. Muda huo ni mfupi mno, siku chache tu, kwa hiyo maandalizi yake yafanyike mapema. Sheria ikipita, viwango vingi huanza 1 Julai. Kila Julai linganisha karatasi yako ya mshahara na ya Juni.

Kuuliza kwa maandishi

Anza na shule, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na inakufundisha nyingine. Chini ya elimu bila ada iliyoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikitumika kununulia vitabu. Shule yenye wanafunzi 800 inatarajia milioni 4.8 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Mzazi aende kwenye ubao wa matangazo aangalie kilichopokelewa. Kama ubao ni mtupu, aiulize kamati ya shule, kwa heshima na kwa namba mkononi. Atagundua pia jambo la pili: hata fedha ikifika yote, 400,000 ni kidogo kwa watoto 800, na mwalimu mkuu si mwizi kwa sababu tu choo kimeharibika.

Kwa mambo makubwa zaidi tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ikiombwa taarifa inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, iombe kitu kimoja, na itaje mwaka. Kwa mfano: “Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga. Mimi ni mkazi wa Kata ya Nguvumali. Naomba kupatiwa, kwa mwaka wa fedha 2024/25, kiasi kilichotengwa na kiasi kilichotolewa kwa mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya kata hii, na kiasi kilichorejeshwa.” Weka tarehe, jina, saini na namba ya simu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Majibu yakija, yalinganishe na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa wazi baada ya kuwasilishwa bungeni. Sehemu ya serikali za mitaa hutaja halmashauri kwa majina. Palipo na hoja ya ukaguzi inayoihusu Tanga, ichukue hoja hiyo hadi kikao cha kata, muulize diwani imejibiwaje. Na siku 30 zikipita bila jibu, andika barua ya pili inayotaja tarehe ya kwanza na kuambatisha nakala yenye muhuri, nakala nyingine ipelekwe kwa diwani na kwa Katibu Tawala wa Mkoa.